Masazo ya Harusi

Asubuhi ya pili baada ya harusi, nyumba huwa na harufu mbili zinazogombana. Moja ni ya udi uliofukizwa usiku, ambayo bado imejikunja ndani ya mapazia; ya pili ni ya masufuria ya pilau ambayo hayajasuguliwa. Katika nyumba moja ya Ng'ambo, mjini Unguja, uwanja ulikuwa bado umefunikwa turubai, viti vya kukodi vimepandanishwa kando vikingoja gari, na jukwaa alilokaa bi harusi limesimama peke yake kama chombo kilichopwelewa. Juu yake yalining'inia mashada ya maua ya plastiki, satini nyeupe, neti ya rangi ya dhahabu, riboni, na maputo yaliyokwisha kuanza kunywea. Penye ngazi palikuwa na rundo la visanduku vya kadibodi, vile wanavyopewa wageni vikiwa na kipande cha halua ndani yake, pamoja na kadi za mwaliko zilizochapishwa kupita idadi ya waalikwa.

Somo wa bi harusi, mwanamke wa makamo yaliyokwisha kupita, alikuwa amekaa juu ya mkeka na mkasi mkononi. Mdogo wake bi harusi akatokeza na fagio na magunia matatu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Magunia hayo ya nini?"

"Baba kasema vyote vitiwe humu. Gari la taka litapita kabla ya adhuhuri."

"Mwambie baba'ko somo kaomba muhula. Humu mna vya kutupwa, na mna visivyotupika."

Katika maneno hayo machache limo suala zima. Kitu kilichokwisha kazi yake ni cha nani? Na aliyekinunua kwa usiku mmoja, je, ana haki ya kukihukumia mwisho usiku huo ukipita? Yapo maswali makubwa kuliko haya, hapana shaka, lakini machache ndiyo yanayomfuata mtu hadi uwanjani kwake akiwa na fagio mkononi.

Kiswahili kina majina mengi ya kinachobaki, wala hayalingani uzito. Makombo ni mabaki ya chakula kilichokwisha kuguswa, na mtu hatumi makombo kwa jirani anayemheshimu. Masazo ni jambo jingine. Neno hili limetoka katika kusaza, na kula na kusaza tangu zamani ni alama ya neema. Karamu iliyotosha tu, bila ya kusaza, ilimtia mwenye nyumba mashaka, kwani yamkini mgeni wa mwisho alijizuia kwa haya. Kwa hiyo kusaza hakukuwa ajali wala ukosefu wa hesabu. Kulikuwa ni sehemu ya karamu yenyewe, na kulikuwa na njia yake. Sahani iliyofunikwa kawa ilikwenda kwa jirani mgonjwa, nyingine kwa mzee asiyeweza kutoka, nyingine kwa waliobeba maji na kuni; hata ukoko wa chini ya sufuria ulikuwa na wagombanao. Masazo ya chakula yalikuwa na wenyewe kabla sufuria haijainjikwa.

Halafu liko neno taka. Hilo lina ajabu yake, kwani kwa matamshi yale yale Mswahili husema anachokihitaji na anachokitupa. Wajuzi wa lugha watasema ni sadfa tu, maneno mawili ya asili mbali mbali yaliyokutana njiani, na labda ndivyo. Lakini anayesimama mbele ya jukwaa la harusi asubuhi ya pili, akiitazama ile satini iliyotakwa kwa hamu kubwa wiki iliyopita na leo imo njiani kwenda jaani, atasamehewa akidhani lugha ilijua jambo.

Ni desturi katika mazungumzo ya namna hii kuwasifu wa kale, na sifa hiyo yafaa ipokewe kwa tahadhari. Ni kweli kwamba harusi ya zamani haikuacha jaa. Chakula kiliandaliwa juu ya majani ya mgomba au katika sinia zilizoazimwa na kurejeshwa. Wageni walikaa juu ya mikeka ya ukindu. Bi harusi alipambwa kwa kikuba cha asumini, rehani na mkilua. Majani yalikwenda kwa mbuzi, sinia zikarudi kwa wenyewe, kikuba kikanyauka. Lakini je, wale walikuwa wacha Mungu zaidi ya hawa, au vitu vyao tu ndivyo vilivyokuwa na adabu? Jani la mgomba huoza bila ya kuombwa. Hapana fadhila ya pekee kwa mtu kutoacha jaa ikiwa hana mkononi kitu kisichooza. Lau mabibi wale wangelipata maua ya plastiki, wangeliyanunua, tena kwa furaha, kwani kipya kinyemi ingawa kidonda. Tofauti haikuwa katika nyoyo peke yake. Ilikuwa katika ukindu na katika plastiki.

Na hapa ndipo penye fundo. Asumini hutunguliwa jioni, hunukia usiku, na kufika alfajiri imekwisha kugeuka rangi. Uzuri wake na mwisho wake ni jambo moja. Anayeivaa anajua kwamba amevaa saa chache. Ua la plastiki haliahidi saa chache. Limetengenezwa liweze kudumu miaka mingi kuliko ndoa yenyewe, kisha likakodiwa au kununuliwa kwa usiku mmoja. Wahenga walisema akiba haiozi, nao walikusudia kwamba kilichowekwa kwa busara kitafaa siku ya shida. Plastiki nayo haiozi, ila kutooza kwake si akiba. Puto lililopasuka, likichukuliwa na upepo hadi baharini, huelea, na kasa hulimeza. Kudumu bila ya kufaa si sifa. Kwa kitu kama hicho hata neno masazo ni heshima kubwa mno.

Sheria zimejaribu kuingia katika jambo hili kwa upande wa mifuko. Zanzibar ilianza kuipiga marufuku mifuko ya plastiki katika mwongo wa kwanza wa karne hii; Kenya ikafuata kwa sheria kali iliyoanza kutumika tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Mwenye kwenda sokoni leo na kikapu chake hashangazi mtu. Lakini hapana sheria inayoingia harusini, wala haipendezi iwepo. Hapo hukumu imeachiwa watu kama somo yule na mkasi wake.

Sanaa ya kukitoa kitu katika kazi kilichokusudiwa na kukitia katika kazi nyingine si ngeni katika visiwa hivi. Habari isimuliwayo zaidi juu ya kanga ni kwamba, katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa pwani walinunua leso za kuchapishwa zikiwa bado katika jora, hazijakatwa moja moja. Wakakata vipande vya leso tatu tatu, wakaunga viwili, wakapata vazi la leso sita. Hata leo Mombasa na Lamu kanga huitwa leso, neno lililotoka kwa Wareno. Aliyezifuma leso zile alikusudia mtu apengee kamasi. Waliozinunua waliona nguo ya kuvaa. Mkaidi atasema kwamba leso zile hazikuwa masazo, zilikuwa bidhaa mpya, naye atakuwa amesema kweli. Ila kinachofanana ni lile jicho lililokataa kuamini kwamba kitu kimekwisha kusema yote kwa sababu tu kiwanda kimekwisha kukipa jina.

Kanga yenyewe, baada ya kuzaliwa hivyo, haikupata kutupwa kwa urahisi. Doti ikiwa mpya huvaliwa kwenda harusini. Ikififia huvaliwa jikoni. Ikilainika huwa mbeleko. Ikichanika huwa nepi, kisha tambara la kushikia sufuria. Kila daraja ni la chini kuliko lililotangulia, lakini hapana hata moja lililo la aibu. Mtoto aliyebebwa kwa kanga aliyovaa mama yake siku ya harusi hakupewa kitu duni.

Tena wako waliokwenda mbali zaidi. Katika makaburi ya nguzo ya Kunduchi, na katika ile nguzo ya Mambrui, wajenzi walitia katika chokaa bakuli na sahani za kauri zilizovuka bahari kutoka China. Vyombo vya kulia watu vikawa pambo la waliokwisha kula. Na mtunzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotaka kuonyesha jinsi Pate ilivyoanguka, alitazama pale pale palipokuwa pakiwekwa sahani, akaona viota vya ndege. Msomaji wa utenzi ule hulia kwa ajili ya sahani zilizotoweka, na ni haki yake. Lakini ndege naye, kwa upande wake, alipata kidaka kitupu akakitia katika kazi. Huenda mtunzi hakukusudia hayo.

Mwaka 2018 mafundi wa Lamu walishusha majini chombo chenye urefu wa mita 9 kilichoundwa kwa plastiki iliyookotwa, kikavikwa vipande vya kandambili za rangi zote. Mapema mwaka 2019 kikasafiri kutoka Lamu hadi Unguja. Wengi walikwenda kukitazama. Wapo waliocheka kwamba kinafanana na kishada cha mtoto, na wapo waliosimama kimya. Chombo kimoja hakisafishi bahari, na waliokiunda hawakudai hivyo. Kiliwaonyesha watu, kwa mbao ambazo si mbao, ni kandambili ngapi mtu mmoja anaweza kuzisahau.

Basi na lirejewe jukwaa la Ng'ambo, kwani hapo ndipo hoja nzito inapongoja.

Wapo watu, tena wenye akili, wanaoitilia shaka kazi ya somo yule. Wao husema hivi: mwenye kugeuza masalio ya karamu kuwa mapambo hajaitubia israfu, ameipaka rangi. Atanunua gundi, atanunua shanga na uzi wa dhahabu, na mwisho wake kisanduku cha kadibodi cha bure kitakuwa kimegharimu kuliko kisanduku cha dukani. Lililo baya zaidi, atalala usingizi. Harusi ijayo ataagiza visanduku mia zaidi, akijua kwamba vitakavyobaki "vitafaa". Wanazuoni wetu aghalabu wamepambanua baina ya israfu, ambayo ni kupita kiasi katika jambo la halali, na ubadhirifu, ambao ni kuitia mali pasipo mahali pake. Kwa mujibu wa watu hawa, mkasi wa somo unaweza kuuficha ubadhirifu, lakini israfu hauigusi, kwa sababu israfu ilikwisha kutendeka siku ya kununua.

Hoja hii haina jibu jepesi, na anayeipuuza hajaelewa. Lakini inasahau jambo moja: mnunuzi na mwenye mkasi si mtu mmoja. Somo yule hakuagiza maputo. Aliyeagiza alikuwa ni baba wa nyumba, na yeye naye hakuagiza kwa kupenda, bali kwa kuogopa. Harusi ya mtaa wa pili ilikuwa na jukwaa lenye taa, na binti wa mtu hawezi kuolewa gizani. Satini ile ilichukuliwa dukani kwa deni. Michango ya jamaa ilitosha mchele na nyama, upatu wa mama ukatosha mavazi, na kilichobaki kiliandikwa katika daftari la mwenye duka. Ndiyo maana alitaka vyote viondoke kabla ya adhuhuri. Haikuwa kupenda usafi. Kila riboni iliyopeperuka pale uwanjani ilikuwa ikimsomea hesabu.

Masazo makubwa ya harusi za siku hizi aghalabu hayafagiki kwa fagio. Hubaki miezi, pengine mwaka, katika daftari la mtu mwingine, na ndoa changa hukua kando yake kama mche chini ya kivuli. Kwa mwenye deni kama huyo, kumwambia kwamba kadi za mwaliko zinaweza kukatwa zikawa alama za kuwekea kurasa za kitabu ni karibu na kumfanyia dhihaka. Kuna tofauti kubwa kati ya anayeshona viraka kwa kuwa hana na anayeshona viraka kwa kuwa ana wakati. Mikono ni ile ile, sindano ni ile ile, lakini mmoja anajisitiri na mwingine anajiburudisha. Si dhambi kujiburudisha. Ila anayejiburudisha asimhubirie anayejisitiri.

Yaliyotokea pale mkekani yalikuwa madogo, na ndiyo yanayostahili kuelezwa kwa kituo. Somo aliishusha satini kutoka jukwaani, akaikunjua, akaupima upana wake kwa dhiraa. Alikuwa na nia ya kukata foronya sita. Mkasi ulikwisha kufunguka binti aliposema, kwa sauti ya mtu asiye na uhakika kama aruhusiwa kusema:

"Bibi, kwani lazima ikatwe?"

"Tusipokata tutafanyia nini, mwanangu? Tuiweke ilishe panya?"

"Mwezi ujao kuna harusi kwa kina shoga. Nao watakwenda kukopa satini duka lile lile."

Somo akauweka mkasi chini. Kukata ni kuamua. Foronya haiwezi tena kuwa jukwaa, ilhali jukwaa linaweza siku yoyote kuwa foronya. Fundi mwenye haraka ya kugeuza kitu huenda akakinyima kitu kile kazi yake ya kwanza kabla haijaisha. Zamani sinia ziliazimwa na hapana aliyeona haya. Busati la harusi moja lilitandikwa katika harusi kumi. Siku hizi kuazima kumegeuzwa unyonge, na kununua ndiyo heshima, hata kwa fedha ya mtu mwingine. Satini ilikunjwa nzima, ikatiwa karafuu kati ya mikunjo, ikafungwa katika shuka.

Mkasi ulifanya kazi katika yale ambayo kweli yalikwisha. Neti ya dhahabu, iliyochanika pale ilipopigiliwa misumari, ilikatwa vipande vya mraba vya shubiri moja. Kila kipande kikatiwa konzi ndogo ya karafuu kavu, pembe zikakusanywa na kufungwa kwa riboni. Kifuko kama hicho huwekwa ndani ya sanduku la nguo, na nguo hunukia, na nondo hukaa mbali. Riboni zilizokuwa ndefu zilisukwa tatu tatu kama msuko wa nywele, zikawa vishikio vya mapazia. Vikombe vya plastiki vilivyokwisha kunywewa vilioshwa, vikatobolewa tundu moja chini, vikajazwa udongo na kupandikwa vijiti vya rehani. Rehani ikishika mizizi itahamia kwenye debe. Visanduku vilivyonyooka viliwekewa uzi na vifungo, na vilivyobonyea vikaachwa.

Kadi zilileta mjadala wao. Juu ya kila moja palichapishwa bismillahi, na maneno hayo hayatiwi jaani. Binti alitaka zikatwe, sehemu tupu itumike na yenye maandishi ihifadhiwe. Somo aliona ni heri zichomwe zote na majivu yazikwe chini ya mti. Wakakubaliana na somo, kwa kuwa ni mkubwa. Lakini mchapishaji anayeyatia maneno matukufu juu ya karatasi anayojua itatupwa ana sehemu yake ya lawama, na hiyo haijapata kujadiliwa inavyostahili.

Chupa za soda za glasi hazikumshughulisha mtu. Zilirudi dukani katika kreti zake, kama zilivyorudi miaka yote, bila ya yeyote kuziita sanaa.

Yalibaki maputo na maua ya plastiki. Binti aliyashika maputo mkono mmoja, akayatazama, akamtazama somo.

"Na haya, bibi?"

"Hayo sina la kuyafanya."

"Hata moja?"

"Hata moja, mwanangu. Tia guniani."

Pengine palikuwa na njia. Wajanja wa mambo haya hawakosi. Wangeweza kuyafuma, wangeweza kuyagandisha juu ya chupa. Lakini kuna ukweli katika kukiri kwamba mikono imefika mwisho wake, na kwamba kitu fulani kilifanywa pasina kufikiriwa siku yake ya pili. Mwenye kudai kwamba kila kitu kinaokoleka humpunguzia mtengenezaji mzigo ambao ni wake, akauhamishia kwa bibi mwenye mkasi.

Baba alirudi baada ya sala ya adhuhuri. Uwanja ulikuwa umefagiwa, turubai limekunjwa, na katika magunia matatu lilijaa moja tu. Juu ya mkeka vilipangwa vifuko vya karafuu, vimefungwa riboni, vipatavyo arubaini.

"Hivi vya nani?" aliuliza.

"Vya majirani waliotuazima masufuria, baba," alijibu binti. "Na kimoja cha mwenye duka."

"Mwenye duka kalipwa nini hata apewe na zawadi?"

"Bado hajalipwa. Ndiyo maana."

Hakusema kitu. Aliinama, akakichukua kimoja, akakinusa, akakitia katika mfuko wa kanzu. Kisha akalibeba lile gunia la maputo begani, akatoka nalo barabarani kulingojea gari.